Neno la Karatasi

Nianze kwa kukiri: tangazo lile nililipenda. Lilibandikwa mlangoni mwa ofisi moja ya serikali katikati ya Johannesburg, ofisi inayoshughulikia watoto wa wageni na walezi wao, nalo lilisema kwamba kuanzia sasa Kiingereza ndiyo lugha rasmi ya ofisi, kwa kusema na kwa kuandika. Asiyekijua aje na mkalimani wake. Kitakachoandikwa kwa Kiingereza ndicho kitakachohesabiwa kuwa maelezo, na kabla ya kutiwa sahihi, mkalimani atamsomea mwenye maelezo kwa lugha yake. Nililisoma mara mbili, nikaona hata vituo vimekaa mahali pake.

Watu kwenye foleni walinung'unika. Nchi hii ina lugha rasmi kumi na mbili, ile ya alama ikiwemo, na mzee mmoja mwenye koti la ulinzi aliuliza kwa sauti hizo kumi na moja nyingine zimepewa likizo mpaka lini. Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana mimi ni mtoto wa mwalimu wa Kiingereza.

Baba alifundisha shule ya msingi kule Taita kwa miaka mingi, na darasani kwake aliyeponyokwa na neno la Kitaita au la Kiswahili alivishwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka apatikane mkosaji mwingine wa kukirithi. Nilikivaa mara moja tu, nikiwa darasa la tatu, siku nyuki aliponiuma nikapiga kelele "mama!" Baba mwenyewe ndiye aliyenivisha. Nililia, kisha nikajifunza. Nilikua nikiamini kwamba Kiingereza ni kama sare ya shule: ukiipiga pasi vizuri hakuna anayeuliza umetoka nyumba gani. Kwa sare hiyo nilifika chuo kikuu, nikafika benki, nikafika Johannesburg. Kwa hiyo mtu akinibandikia mlangoni kwamba Kiingereza ndicho kitakachotawala, mimi moyoni nasema amina.

Siku hiyo sikuja kwa shida yangu. Nilikuja kumkalimania fundi wangu wa cherehani.

Fundi ni mama wa Bukavu, amenizidi umri kidogo. Tunasali pamoja Joubert Park, katika ukumbi wa kukodi, ghorofa ya pili: Wakongo wengi, Warundi kiasi, Watanzania wachache, na sisi Wakenya tunaohesabika kwa vidole. Kila mtu amekuja na Kiswahili cha kwao. Wakongo hunitania kwamba nimemeza kitabu nikakwama hapo hapo, nami huwaambia kwamba wao kitabu walikitumia kufungia maandazi. Ni utani tu, na baada ya ibada tunakula pamoja.

Duka lake liko Rosettenville, chumba kimoja kati ya saluni na Mreno anayeuza mikate. Sijaona fundi wa namna ile. Ukifika na kitambaa hakimbilii futi. Atakuambia kwanza utembee hadi mlangoni urudi, maana mwili uliosimama, anasema, hudanganya. Ndipo anachukua vipimo. Aliwahi kushona sare za kwaya nzima, wanene na wembamba, na siku ya kuvaa hakuna aliyerudisha hata kifungo. Akiona mshono mmoja umekwenda upande, atafumua gauni zima mbele yako huku anaimba, bila kuomba radhi na bila kulalamika. Suti yangu ya kwanza ya benki aliishona yeye, na wakubwa zangu waliniuliza nimeinunua Ulaya au wapi. Niliwajibu Rosettenville, wakadhani nafanya mzaha.

Shida yake ilikuwa binti. Binti ana miaka kumi na saba, yuko mwaka wa mwisho wa shule, na shule ilitaka karatasi ya serikali inayoonyesha mlezi wake ni nani kabla ya kumwandikisha mtihani. Karatasi hiyo hakuwa nayo. Alikuja Johannesburg akiwa na miaka mitatu, mgongoni mwa ndugu wa kwao, na tangu siku aliposhushwa mgongoni hajalala nyumba nyingine isipokuwa ya fundi. Ila hilo halikuwa limeandikwa popote. Lisipoandikwa safari hii, mtihani ungempita, na mbaya zaidi angehesabiwa kuwa mtoto asiye na mtu.

Tukiwa bado kwenye foleni, fundi aliniomba nimsomee tangazo. Nilimsomea.

"Miye hii karatasi naipenda," akasema.

Nilishangaa. Nilitarajia anung'unike kama wengine.

"Kizulu iko na benyewe," akaendelea. "Kisotho iko na benyewe. Kiingereza hapa haina mwenyewe. Nikikosea, hakuna mutu wa kusema nimemutukana mama yake."

Nilielewa alikotoka na neno hilo. Kabla ya Rosettenville alikaa Alexandra, akawa huko mwaka ule wa fujo, wageni walipokuwa wakisimamishwa njiani na kuonyeshwa kiwiko waseme kinaitwaje. Aliyekosa neno la Kizulu la kiwiko alijua yatakayomfika. Fundi alilijua, kwa kuwa alikuwa akishonea mama za Kizulu mikono ya gauni, na mkono wa gauni haukatwi bila kutajwa kiwiko. Akapita. Jirani yake, Mkongo mwenzake aliyekuwa akisuka nywele, hakupita. Fundi hasimulii zaidi ya hapo, ila hapendi lugha ya kupimia watu.

Binti alisimama nyuma yetu na simu yake. Yeye ni wa hapahapa: Kiingereza chake na Kizulu chake vinateleza, na Kiswahili anakisikia chote lakini hakijibu. Fundi humsemesha Kiswahili, yeye hujibu Kiingereza, na maisha yao yanaendelea bila matata. Angeweza kutukalimania vizuri kuliko mimi, lakini ofisi hairuhusu mtoto akalimani shauri lake mwenyewe. Mimi ananiita anti, kama anavyomwita mwenye saluni, mke wa Mreno na kila mwanamke aliyezidi miaka thelathini.

Ofisa aliyetupokea alikuwa mama mtu mzima, miwani yake ikining'inia kwa uzi wa shanga. Alianza kwa salamu ya Kizulu, "Sanibo...", akajikatiza, akautazama mlango, kisha akatusalimu kwa Kiingereza cha taratibu. Nikacheka moyoni. Kwa baba yangu huyu angeshavishwa kibao.

Akafungua jalada, akaweka kalamu tayari, akauliza swali la kwanza: huyu binti ni nani wako?

Nikaligeuza kwa Kiswahili.

"Ule njo mutoto yangu," fundi akajibu, na uso wake ukang'aa kidogo, kama kawaida yake akimtaja.

"She is my daughter," nikasema, tena kwa lafudhi ya benki.

Ofisa akaandika. Akaomba cheti chochote alicho nacho mtoto. Fundi akatoa mkobani kadi ya zahanati ya Bukavu, imekunjwa mara nne, imeandikwa kwa Kifaransa, ina jina la mtoto na jina la mama. Ofisa akalilinganisha lile jina na la fundi. Hayakufanana hata herufi ya kwanza.

"Na huyu ni nani?" akauliza, kidole kwenye jina.

Nikaligeuza.

"Mama yake," fundi akasema. "Alishakufa."

"Mama yake," nikakariri kwa Kiingereza. "Alifariki."

Maneno yalipokwisha kutoka ndipo nilipoyasikia. Mdomo uliponza kichwa, na safari hii kichwa chenyewe si changu. Ofisa alivua miwani, akaiacha ining'inie. Alimtazama fundi, akanitazama mimi, akatazama alichokiandika.

"Sisi," akaniita, yaani dada, "umesema ni binti yake. Sasa unasema mama wa binti amekufa. Huyu aliyekaa mbele yangu mbona anapumua?"

Nilianza kueleza. Nikasema kwamba kwa Kiswahili mtoto wa dada yako ni mtoto wako, hana jina lingine. Kwamba dada wa mama ni mama pia, akiwa mdogo ni mama mdogo, akiwa mkubwa ni mama mkubwa. Nilisema mengi na kwa haraka. Ofisa alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, halafu akanionyesha tangazo kwa kalamu. Kilichoandikwa ndicho kilichosemwa. Maelezo mawili yamepingana, na hakimu anayesoma majalada ghorofa ya juu husoma yaliyo mbele yake tu. Alitupa wiki mbili turudi na maelezo mapya, fundi mwenyewe ayathibitishe. Yakipingana tena, mtoto ataandikwa kuwa hana ndugu, na ustawi wa jamii ndio utakaoamua alale wapi.

Hakusema kwa ukali. Laiti angesema kwa ukali, ningepata wa kumkasirikia.

Tuliposimama kwenye robot, ndivyo hapa wanavyoziita taa za barabarani, kusubiri kuvuka, nilishindwa hata kumtazama fundi. Miaka yote hii najigamba kwa Kiingereza changu, na neno lililoniangusha ni "mtoto", neno la darasa la kwanza. Nami nililijua! Taita nina mama wadogo watatu. Nikisema nyumbani kwamba fulani si mama yangu bali ni dada wa mama yangu, watauliza tumegombana lini. Kiingereza nilikijua, na Kiswahili nilikijua, ila siku hiyo vilikaa vyumba viwili tofauti na mimi nilisahau kugonga mlango.

"Nisamehe, mama," nikamwambia. "Kosa ni langu."

"Hapana, dada yangu. Weye umetafsiri muzuri," akasema, macho yake kwenye taa. "Ni Kiingereza njo ilikosa."

Alisema hivyo bila mzaha. Nilitamani kumkumbatia, lakini taa ilibadilika tukavuka.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda dukani kwake na dawa. Nilikuwa nimeandika maelezo yote kwa Kiingereza kizuri, na mahali pa uhusiano nimeweka neno wanalotumia Waingereza kwa mtoto wa ndugu, likitamkwa "nis". Binti alikuwa nyuma ya pazia la nusu chumba, anakosoma. Niliketi kwenye kistuli cha wateja nikamfundisha fundi: wewe utasema huyu ni "nis" wangu, nao wataandika wewe ni anti yake, na shauri limekwisha.

Alikuwa akitarizi kola. Hakusimamisha sindano.

"Najua ile neno," akasema. "Kifaransa pia iko nayo. Bazungu bote biko nayo. Ni neno ya karatasi."

"Basi vizuri. Kama unalijua, liseme."

"Siwezi kuisema mbele ya mutoto."

Nikamwambia mtoto anajua kila kitu, si siri. Akakubali kwamba si siri. Binti anajua mama aliyemzaa alikufa, anajua jina lake, ana hata picha yake. Lakini tangu akiwa na miaka mitatu hajamwita fundi jina lingine ila mama, na fundi hajamwita jina lingine ila mwanangu. Dada yake alipokuwa akienda kufa alimtumia ujumbe kwa simu ya jirani, maneno mawili tu: mtoto wetu.

"Hakusema mutoto yangu," fundi alisema. "Alisema yetu. Sasa miye nisimame ku ofisi, mutoto anasikia, niseme miye ni anti? Anti njo weye. Anti njo mwenye saluni. Ule mwanamuke wa Mureno ni anti. Miye si anti."

Nilikunja karatasi yangu ya Kiingereza kizuri nikaitia mkobani.

Sauti ya binti ikatoka nyuma ya pazia, kwa Kiingereza, ya mtu aliyechoshwa na watu wazima: sema tu, Ma. Ni neno tu. Halafu tukasikia pazia linavutwa likafungwa vizuri, ingawa lilikuwa limeshafungwa.

Fundi akaweka kola chini. "Umesikia?" akaninong'oneza. "Mutoto akisema ni neno tu, ujue ile neno imemuchoma."

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Nimelisikia neno hilo tangu utoto, likisemwa harusini na ubatizoni mpaka likapoteza ladha. Siku ile, katika chumba chenye harufu ya vitambaa vipya na mikate ya jirani, nilimwona mtu linayemhusu. Alikuwa na hofu, nami niliiona: wiki moja tu imebaki, mtihani wa mtoto uko hapo, na neno moja tu lingeufungua mlango. Mtu mwingine angelisema akaenda zake. Yeye aliligeuza neno lile kama anavyogeuza kitambaa, akitafuta upande wake wa ndani.

Mwishowe alisema, "Nitasema miye mwenyewe. Kwa Kiingereza."

Nilijaribu kumzuia. Kiingereza chake ni cha dukani: kifupi, kirefu, kesho njoo, hii rangi haitoki. Akaniambia nimfundishe, kwa maneno yake, si kwa maneno ya benki. Tukafanya hivyo jioni nne baada ya kazi. Alijifunza kama anavyoshona. Akikosea tamshi alilifumua lote, akaanza upya kutoka mwanzo, bila kulalamika. Tuligombana mara moja tu. Alitaka kusema dada yake "is late", yaani kwa neno lile la kuchelewa. Nikamwambia hapana, huyo atakuwa amechelewa basi. Akashikilia kwamba watu wa hapa ndivyo wanavyosema juu ya marehemu. Nikamwambia mimi ni mtoto wa mwalimu. Akaita nyuma ya pazia, na binti akajibu kwamba ndiyo, anti, hapa ndivyo wanavyosema. Kibao changu, nikakivaa.

Wiki mbili zilipotimia tulirudi. Fundi alivaa gauni la kijani alilolishona mwenyewe, binti yuko kwenye sare ya shule, na mimi suti yangu. Safari hii binti hakushika simu. Alikaa ameikunja mikono, anatazama dirishani, na mguu wake mmoja ulikuwa ukitikisika chini ya kiti.

Ofisa alilifungua jalada, akavaa miwani, akauliza swali lilelile: huyu binti ni nani wako?

Niligeuka kulitafsiri. Fundi akaniwekea mkono gotini.

Akasimama. Hakuna aliyemwambia asimame. Akasema kwa Kiingereza, neno baada ya neno, kama mtu anayepitisha uzi kwenye sindano: mama yake alikuwa dada yangu. Dada yangu "is late". Kisha akavuta pumzi na kusema, "Me, I am her small mother."

Hilo sikumfundisha. Tulikuwa tumekubaliana aseme "nimemlea", aishie hapo. Lile alilipata mwenyewe, pengine kwenye cherehani, alichukua "mama mdogo" akalikata kwa Kiingereza kadiri kitambaa kilivyotosha. Mwalimu yeyote angelipiga mstari mwekundu. Baba angelipiga miwili.

Ofisa hakuandika. Alimtazama fundi, na uso wake ukalegea.

"Mamncane," akasema polepole, kama mtu anayeongea peke yake.

Binti akageuka kutoka dirishani. "Yebo, Ma," akamkubalia ofisa. "Umamncane."

Hata mimi nisiyejua Kizulu nilisikia: mama, halafu ndogo. Ni neno letu lilelile, limevaa kofia nyingine. Watu wanne tulikuwa katika chumba kile, na wote wanne, kila mmoja kwa lugha ya kwao, alikuwa na mama mdogo. Ni karatasi tu ndiyo haikuwa naye. Ofisa alitazama mlango ulikobandikwa tangazo, akashusha sauti, akatuambia kwamba yeye ni mamncane wa watoto wanne, wawili wako nyumbani kwake sasa hivi, na mtu akimwita anti yao atamfukuza na ufagio. Alilisema hilo kwa Kiingereza, kwa kuwa sheria ni sheria.

Nami nikasema moyoni kwamba mama huyu ni mtumishi wa kweli. Aliipa amri ya mkubwa wake heshima yake na akatupa sisi yetu. Si wengi wanaojua kufanya yote mawili.

Lakini fomu ilikuwa na visanduku, na visanduku havina huruma. Kulikuwa na mama, baba, babu au bibi, anti au ankali, na asiye ndugu. Ofisa alimweleza fundi, taratibu, kwamba juu, kwenye maelezo, ataandika kila alichosema, pamoja na lile la mama mdogo, alivyolisema. Ila kwenye kisanduku, ili hakimu aelewe na mtihani usipite, lazima aandike anti, na binti aandikwe kwa lile neno la karatasi. Hakuna njia nyingine.

Nilimtafsiria. Fundi akamgeukia binti.

Binti alitazama viatu vyake, akainua bega moja. Ni neno tu, bega lile lilisema.

"Aandike," fundi akasema, na sauti yake haikuwa yake.

Ofisa akaandika, mwandiko mzuri wa shule za zamani. Alipomaliza akanisogezea karatasi. Sasa, akasema, kwa utaratibu wetu, msomee kwa lugha yake, yote, kama yalivyo, kisha atatia sahihi.

Nilisoma. Mstari wa kwanza, wa pili, yote yakateremka vizuri. Dada yangu ni marehemu. Nimemlea tangu ana miaka mitatu. Mimi ni mama yake mdogo. Halafu nikafika kwenye kisanduku, na kidole changu kikasimama juu ya lile neno.

Kiswahili kinalo neno "mpwa", nalo lilinijia mdomoni. Lakini baba, aliyekuwa mkali kwa Kiswahili kama alivyokuwa kwa Kiingereza, alitufundisha kwamba mpwa ni wa mjomba. Mjomba ana mpwa. Dada hana. Mtoto wa dada yako, ikiwa wewe ni mwanamke, ana jina moja tu, na wiki mbili nyuma jina hilo lilikuwa limetuharibia kazi. Fundi alikuwa ameinamisha kichwa, anasubiri kusomewa kwamba yeye ni anti. Mguu wa binti ulikuwa umeacha kutikisika.

"Na huyu," nikasoma, "ni mtoto wangu."

Fundi akainua kichwa.

Ofisa naye akainua chake. Mtu wa Kizulu hakosi kulishika neno "mtoto", halijaenda mbali na la kwao. Alinitazama juu ya miwani, akatazama kisanduku, akanitazama tena. Nilijua ninachoweza kuulizwa, na sikuwa na la kujibu ila kwamba hivyo ndivyo Kiswahili kinavyosema. Badala ya kuniuliza mimi, alimgeukia binti.

"Wewe unazisikia lugha zote mbili," akamwambia. "Amesoma kama nilivyoandika?"

Binti akanyoosha mkono, akalivuta jalada kwake. Alilisoma lile neno kwenye kisanduku. Alilisoma kwa muda mrefu kuliko linavyohitaji neno fupi vile. Kisha akamtazama mama yake, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nikamsikia akijibu kwa Kiswahili, Kiswahili cha Bukavu kilichokaa kimya kinywani mwake miaka kumi na minne.

"Ndiyo, Ma," alisema. "Amesoma muzuri. Neno kwa neno."

Ofisa akampa fundi kalamu.